Nakala Tatu za Mgeni Aliyejua Zaburi

Nakala ya kwanza ilirudi ndani ya bakuli.

Bakuli lenyewe lilikuwa la Verlene Tackett, lile la kuokea, lenye jina lake limebandikwa chini kwa utepe. Alikuwa amelipeleka kwa Glenna, mke wa mchungaji, limejaa kuku na wali, wiki ile Glenna alipofanyiwa upasuaji wa goti. Na pale Cedar Fork, kwenye vilima vya Arkansas, bakuli la mtu halirudi tupu. Unarudisha na pai, au nyanya za bustanini. Ukiwa huna mbele wala nyuma, unaweka mayai. Kwa hiyo Verlene alipofunua foili, mate yameshamjaa mdomoni kwa hamu ya pai ya pichi, akakuta kitabu, alikasirika kabla hajasoma hata jina lake.

Jina lilikuwa Mgeni Aliyejua Zaburi. Jaladani mwanamke mwenye nywele za dhahabu alikuwa akikimbia msituni na gauni jepesi, na nyuma yake kivuli cha mwanamume mwenye kofia. Glenna alikuwa amechomeka kikaratasi: "Dada Verlene, hiki nimekipenda mno, nikakukumbuka. Kisome upesi."

"Upesi!" Verlene akaliambia jiko lake. "Kwani kinaoza?"

Kumpendekezea Verlene kitabu ilikuwa ni kumkosea adabu. Yeye ndiye aliyetunza maktaba ya kanisa, kile chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mafagio, na hakuna kitabu kilichopanda rafuni kabla hajakisoma yeye na kukibandika kidoti mgongoni. Kidoti cha kijani: hakuna busu mpaka harusi. Cha njano: busu lipo, lakini wahusika wameomba kwanza. Chekundu: kamwone mama mchungaji. Wanawake wa Cedar Fork walizipenda mno riwaya hizo za mapenzi na hatari zenye maombi katikati, wakizitafuna kama karanga, na Verlene alikuwa amezisoma nyingi kiasi kwamba muuaji alimjua maiti hajapoa. "Ni shemasi," angesema ukurasa wa ishirini, na kweli angekuwa shemasi.

Tena siku zile hakuwa na nafasi ya mapenzi ya watu wa vitabuni. Alikuwa na ya kwake.

Royce Dunaway alikuwa ametokea kanisani majira ya kuchipua, mtu mzima mwenye mvi za kupendeza na sauti nene, akakaa benchi la nyuma na kuimba tenzi zote bila kufungua kitabu. Kabla kiangazi hakijaisha, chakula cha Jumapili alikuwa anakula mezani kwa Verlene. Alikuwa mgane, alisema. Ndugu pekee aliyebaki naye ni dada yake Fern, mgonjwa, yuko mbali, mji wa Tulsa. Verlene alikuwa mjane wa mwaka wa nne, ameshazoea kula amesimama kando ya sinki, na sasa akajikuta anapaka rangi ya midomo kwenda tu kuangalia sanduku la barua. Wiki ile mpiga picha alipokuja kutengeneza kitabu cha picha za washirika wa kanisa, Royce aliugua mafua, na Verlene akampelekea supu mara mbili. Baridi ilipoanza alimtolea kabatini koti la sufu la marehemu Delbert, lile la miraba myekundu, ambalo hata mwanawe wa kumzaa alimnyima. Sasa Jumatatu walikuwa waende kwa wakili, jina la Royce liingizwe kwenye hati ya nyumba. Nyumba hiyo Delbert aliijenga kwa mikono yake, ubao kwa ubao. Jumamosi inayofuata wangefunga ndoa.

Basi huyo ndiye mtu aliyeambiwa asome kitabu upesi.

Nakala ya pili aliikuta kwenye kiti cha gari lake, nje ya duka la vyakula. Hakuna aliyefunga gari Cedar Fork, na kila mtu alijua gari lipi ni la nani. Alipoinua macho akamwona rafiki yake Ardith Boggs anajifanya kukagua maboga yaliyopangwa mlangoni.

"Ardith! Hiki umekiweka wewe?"

"Kipi?"

"Usinifanye mtoto. Kitabu."

"Ah, hicho." Ardith akaligonga boga kwa kidole, akatega sikio kana kwamba litajibu. "Nilidhani utakipenda."

"Ninacho. Glenna kanipa."

"Basi unavyo viwili."

"Kina nini hasa, maana mnakisukuma kama vile mnalipwa?"

Ardith akafungua mdomo, akaufunga. Akahamia boga jingine. "Kinahusu mwanamke," akasema. "Mwenye duka la keki."

"Wote wana duka la keki, Ardith! Tangu lini kukawa na mmoja asiye na duka la keki?"

"Wewe kisome tu, Verlene. Nakuomba."

Verlene akapiga mlango wa gari kwa nguvu, akaondoka. Hakuna kitu kilichomchosha kama mtu mwenye neno mdomoni asiyelitema. Na Ardith siku hizi alikuwa amezidi. Kila Jumatano kwenye kipindi cha maombi, mchungaji alipouliza nani ana haja, Ardith aliinua mkono na kusema, "Nina ombi lisilotamkwa." Desturi ilikuwa inaruhusu hivyo: una jambo zito, hutaki kulisema, unainua mkono, wenzako wanaliombea bila kulijua, na hakuna anayeuliza. Lakini wiki baada ya wiki? Verlene alikuwa ameshaamua kwamba ni kibofu. Akamwombea Ardith kibofu kwa moyo wote, huku akikereka kwamba rafiki aliyesuka naye nywele utotoni anamficha jambo dogo kama hilo.

Kusema kweli, alijua kwa nini Ardith alikuwa mwoga. Mwezi wa saba, wakiwa kwenye foleni ya keshia, Ardith alianza kusema, "Verlene, huyu Royce wako, hivi watu wake..." na Verlene akamkata palepale. "Mume wako yu hai na bado huna wa kuongea naye," alimwambia. "Wivu huo kaulee nyumbani kwako." Keshia alisikia. Mwanamke wa nyuma yao alisikia. Kwa muda mrefu baada ya hapo walisalimiana kwa kidevu tu. Baadaye mambo yalitulia, wakarudi kupikiana, lakini jina la Royce halikupita tena mdomoni mwa Ardith.

Nakala ya tatu ililetwa na Bibi Oleta Stroud mwenyewe. Huyo alikuwa na umri wa miaka themanini na kitu, hasikii mpaka umpigie kelele, na husoma vitabu vya herufi kubwa tu. Alikiangusha kitabu mezani kwa Verlene kama mtu anayetua tofali.

"Hiki hata ukiwa na mtoto wa jicho utaona!" akapaza sauti.

"Ninavyo viwili, Bibi Oleta."

"Eh?"

"VIWILI! NINAVYO!"

"Na umesoma?"

"Bado!"

"Basi huna," akasema Bibi Oleta, akachukua fimbo yake.

Hapo Verlene akakata shauri kukisoma, si kwa kupenda, bali apate nguvu ya kukiponda. Alhamisi ilikuwa siku ya wasomaji kukutana, na kila mkutano ulianza kwa mtu kusimama na kuwapendekezea wenzake kitabu. Safari hii angesimama yeye, awaambie kitabu chao ni takataka, mambo yaishe.

Akakisomea kibarazani mchana kutwa, huku Royce anapaka mafuta minyororo ya bembea, amevaa koti la Delbert. Kila baada ya kurasa chache Verlene aliguna.

"Unasoma nini, mpenzi, mbona unanguruma?"

"Upuuzi. Kuna mwanamke humu anaitwa Marlee. Laiti ningeweza kuingia ndani nimtie makofi."

Royce akacheka. "Vitabu hivyo vinawatia wanawake wasiwasi wa bure." Simu yake ikalia. Akaitazama, akashuka ngazi, akaenda kuipokelea kule kwenye pikapu yake, mgongo ameupa nyumba. Verlene akafungua ukurasa mwingine, akaguna tena.

Alhamisi asubuhi wanawake walikuwa wameshakaa kwenye meza ndefu ya ukumbi wa kanisa, kahawa imemiminwa, keki ya maboga imekatwa. Glenna akaomba, akakaa huku amenyoosha goti lake, akauliza nani ana kitabu cha kuwapendekezea wenzake. Kabla hajamaliza Verlene alikuwa wima. Akavitua vitabu mezani kimoja kimoja, kile cha herufi kubwa mwisho, vikombe vikatikisika.

"Mimi ninacho," akasema. "Ninavyo vitatu, kwa hisani yenu. Na nimekisoma, mstari kwa mstari, na nawaambia mbele za Bwana, huyu Marlee ni mjinga. Mimi nimesoma wajinga wengi, kazi yangu ndiyo hiyo, lakini huyu kawazidi wote."

"Haya, tueleze," akasema Glenna taratibu.

"Mwanamume katokea, hajulikani katoka wapi. Kafungua mdomo, Zaburi zinamwagika. Na yeye huyo anasema, lo, mtu wa Mungu! Hata Shetani anazijua Zaburi! Si alimnukulia Yesu mwenyewe kule jangwani? Nyinyi si mmesoma?"

"Tumesoma," mtu akajibu kwa sauti ndogo.

"Simu ikilia, anaipokelea nje. Kila simu! Mimi nikipokea simu mtaa mzima unajua nimepika nini. Halafu siku ya kupiga picha pale dukani, bwana mkubwa ana mafua. Wanapanga siku nyingine, mafua tena! Mafua gani hayo yanayosikia mlio wa kamera? Na Marlee anafanya nini? Anamchemshia supu!"

Alisubiri wacheke. Lilikuwa jambo la kuchekesha, na mwenyewe alikuwa amelifanyia mazoezi garini. Hakuna aliyecheka. Hilo likazidi kumpandisha hasira.

"Na huyo dada yake mgonjwa! Kutwa anatajwa, hana sura, hana sauti. Sasa mwanamke mwenye akili timamu angefanya nini? Angesema, nipe namba ya dada yako nimsalimie. Basi! Kitabu kingeisha ukurasa wa arobaini, na miti ya karatasi ingepona. Lakini hapana. Yeye anabeba kalamu, anakwenda kwa wakili kuandika jina la mtu huyo kwenye..."

Akanyamaza.

Ukumbi mzima ulikuwa kimya, hata friji iliyokuwa jikoni ilisikika. Glenna alikuwa anakunja kitambaa cha mezani, anakikunjua, anakikunja. Ardith alikuwa ameinamia mikono yake. Wengine walikuwa wanaitazama keki kana kwamba hawajawahi kuiona. Na katikati ya kimya hicho Bibi Oleta, aliyedhani ananong'ona, akamgeukia Glenna na kuuliza kwa sauti iliyofika hadi maegesho ya magari:

"AMESHAELEWA?"

Joto likampanda Verlene shingoni, likafika masikioni. "Nimeelewa nini?" akauliza. Akamgeukia rafiki yake. "Ardith. Nimeelewa nini?"

"Ni kitabu tu, Verlene," akasema Ardith, na macho yamemjaa machozi.

Hata hapo! Hata hapo hawakuweza kusema! Verlene aliwatazama, watu aliozika nao wazazi wake na mume wake, waliomwona akikosa usingizi siku zile za msiba, akahisi hasira ambayo hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe.

"Kumbe mlikaa mkapanga," akasema. "Mlikula keki zangu mkanizunguka. Na wewe na ombi lako lisilotamkwa, mimi nakuombea kibofu!"

"Kibofu?" akasema Ardith.

"Royce Dunaway ni mtu mwema. Namba ya dada yake nitaileta leo hii, niibandike pale ubaoni, na nyote mtapiga hiyo simu mmoja mmoja mkaombe radhi."

Akanyakua mkoba. Vitabu akaviacha mezani.

Njia nzima aligombana nao peke yake garini. Mafua ni mafua. Mtu akiwa msiri ana haki yake. Kama kujua Zaburi ni dalili, basi mchungaji akamatwe. Alipofika kwake alikuwa ameshapanga maneno yote atakayomwambia Ardith, na atakavyomsamehe baadaye, si haraka.

Royce alikuwa kibarazani, ameketi kwenye bembea aliyoitengeneza, kikombe mkononi.

"Mbona umewahi?"

"Nimewachoka. Sikia, naomba namba ya Fern."

"Ya nini?"

"Nataka nimwalike harusini kwa mdomo wangu. Huyo ni wifi yangu, Royce. Sijawahi hata kusikia sauti yake."

"Fern hapendi simu. Anachoka."

"Sitamchosha. Salamu tu, hata ukinipigia wewe mwenyewe hapa hapa, niseme mambo mawili, nikate."

Royce akamtazama. Akamtazama kwa muda, bila Zaburi, bila neno la mpenzi, kama mtu anayepima ubao ajue akate wapi. Kisha tabasamu lake likarudi mahali pake.

"Namba iko kwenye simu ile nyingine, garini," akasema, akasimama. "Ngoja nikuletee." Akambusu kwenye paji la uso.

Verlene akaingia ndani akiwa na furaha tele. Akamimina kahawa vikombe viwili. Akakata pai. Akasikia mlango wa pikapu unafunguliwa, unafungwa. Akasikia injini. Anawasha ili simu ipate chaji, akajiambia. Mwanamke huyu, aliyewajua wauaji wote ukurasa wa ishirini, alisimama jikoni kwake na kikombe mkononi, akaamini kwamba ni chaji. Aliamini pale kokoto zilipolia chini ya matairi. Aliamini mpaka mlio ulipofika barabara kuu, ukabadilisha gia, ukapotea.

Akatoka kibarazani. Bembea ilikuwa bado inacheza. Akaangalia kwenye ukuta, kwenye ile misumari aliyoipigilia Delbert ya kutundikia nguo, ikiwa mitupu, na hapo ndipo akili ilipomjia yote kwa pamoja. Akakaa kwenye ngazi, akalia kwa sauti, na wala hakujali majirani.

Alipoweza kupumua akapiga simu. Ardith aliipokea kabla haijaita vizuri.

"Verlene?"

"Ameondoka na koti la Delbert."

Ardith akauliza, polepole, "Na nyumba?"

"Nyumba ipo. Jumatatu haijafika."

"Asante, Yesu," akasema Ardith.

"Mlijua tangu lini?"

"Hatukujua, Verlene. Tuliogopa tu. Mimi nilijaribu mara moja, ukaniambia nina wivu."

"Nilikuambia."

"Mbele ya keshia."

"Basi ungerudia! Ungenizaba kofi! Ungekuja hapa ukanikalia kifuani mpaka nisikie! Mtu anazama, Ardith, wewe unamrushia kitabu?"

Sasa walikuwa wanalia wote wawili, kila mmoja kwake, na hakuna aliyejisumbua kuficha.

"Nije?" Ardith akauliza.

"Unangoja nini?"

"Nina pai ya pichi hapa. Nije nayo?"

"Njoo nayo. Na mdomo wako uje nao, unieleze yote uliyokuwa unayameza tangu mwezi wa saba. Lakini ukikanyaga hapa na kitabu, haki ya Mungu, sikufungulii mlango."